Dakika Arobaini za Jumamosi

Katibu wa klabu aliniomba niwaandikie makocha vijana ukurasa mmoja wa mazoezi ninayoyapenda. Nikamwambia ukurasa mmoja hautoshi. Akasema basi andika utakavyo, nani atakuzuia, umeshastaafu. Kwa hiyo nimekaa. Goti langu la kulia liko juu ya kiti cha pili, chai ipo mezani, na mke wangu ameahidi kutonisemesha mpaka saa sita. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwepo. Nitaandika nilichofanya, nilichoharibu, na jambo moja la mwaka wa kwanza wa korona ambalo nimelinyamazia hadi leo. Linamhusu Esperance, yule mnayemwita Espe. Mkiona nachelewa kulifikia, vumilieni. Mtu wa umri wangu hapashi misuli moto kwa dakika mbili.

Mpira niliujulia katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, ambako sisi Warundi wengi tuliingia tukiwa watoto. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Kipindi kimoja unapanda, kipindi kingine unashuka, na nahodha aliyeshinda kurusha shilingi alikuwa na kazi ya kufikiri kuliko waziri. Nilicheza kiungo, namba nane. Nyuma yangu golini alisimama Yonasi, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alilipigia kelele jina langu hata pale nilipokuwa sijakosea. "Zakaria! Nyuma yako!" Nimeota sauti ile hata baada ya sote wawili kuletwa Australia, yeye na familia yake, mimi na yangu.

Kazi ya kwanza niliyopata Sydney ilikuwa Fairfield, kwenye ghala la vioo vya madirisha, kuendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo. Msimamizi wa zamu alikuwa Mbosnia anaitwa Senad, mtu mpana, mwenye mikono mizito na maneno machache. Wiki ya pili akanisimamisha mbele ya wenzangu wote. Nikajua hapa ndiyo basi, nimefukuzwa. Akaninyooshea vidole vinane. Sikumwelewa. Akauliza kwa Kiingereza chake, kibovu kama changu ila kibovu kwa namna nyingine, "Ulicheza namba nane?"

Kumbe alikuwa akinitazama siku zote zile. Akaniambia madereva wote hugeuza shingo mzigo ukishapanda, lakini mimi huangalia nyuma kabla mzigo haujafika. "Hilo halifundishwi ghalani," akasema. "Jumanne saa kumi na moja jioni, njoo uwanjani unisaidie kufundisha watoto. Usije na viatu vya kazi."

Senad naye alikuwa kiungo. Alicheza kwao tangu akiwa kijana, katika mji wa viwanda wenye mto katikati, na alinionyesha picha moja tu ya siku zile, ambayo ndani yake hata haonekani vizuri kwa sababu alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Vita vilipoanza alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao kiungo ndiyo kwanza anaelewa anachofanya. Hakucheza tena mechi ya maana. Nilipomuuliza vita vilikuwaje, alinijibu kuhusu nyasi: kwamba uwanja wao ulilimwa viazi, na kwamba viazi vilikuwa vizuri. Sikumuuliza tena. Mimi pia nilikuwa na maswali yangu ambayo sikupenda kuulizwa, naye aliniachia.

Siku yangu ya kwanza ya ukocha nilifika na filimbi mpya shingoni, najiona bwana mkubwa. Senad akanyoosha mkono, nikampa, akaitia mfukoni. "Ukipuliza, wanasimama," akasema. "Wakisimama, wanajifunza nini?" Filimbi ile hakunirudishia mpaka anakufa, na sikununua nyingine. Alinifundisha kutopanga koni kwa mstari ulionyooka, maana mechini hakuna mstari ulionyooka. Alinifundisha kufua vizibao vya mazoezi mwenyewe, angalau msimu wa kwanza. Nikadhani ananitesa tu. Baada ya mwezi nilikuwa naweza kusema kwa pua tu nani alikimbia na nani alisimama akichezea nywele.

Kesi ngumu hazikukosekana. Kulikuwa na baba mmoja wa Penrith ambaye alisafiri saa nzima kwa treni na mwanawe, kisha akasimama nyuma ya goli akitoa maelekezo yake kinyume cha yangu. Nilijaribu adabu, nilijaribu kununa, mwisho nikampa kazi ya kuokota mipira. Akawa mtu mwema kabisa, na nusu saa ya kwanza alikuwa hana pumzi ya kuongea. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akisinzia kwenye benchi. Nikamgombeza mbele ya wenzake. Baadaye nikaambiwa yeye ndiye aliyekuwa akiwalea wadogo zake usiku, mama akiwa kazini. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale wenzake. Kama mnanichekea, chekeni, lakini mkigombeza hadharani ombeni radhi hadharani.

Sasa zoezi lenyewe, maana katibu atanisumbua. Mtu mmoja anasimama na mpira hatua kumi mbele ya mchezaji. Wewe unasimama hatua moja nyuma yake, karibu kama beki anayemkaba, unainua vidole. Mpira unapopigwa, kabla haujamfikia, mchezaji lazima atupe jicho nyuma na ataje idadi ya vidole, kisha ndipo apokee na kugeuka. Ni zoezi la Senad. Linaonekana jepesi. Watoto wengi wanaona vidole na kupoteza mpira, au wanapata mpira na kubuni vidole. Inachukua miaka.

Nilipohamia Blacktown nilianzisha timu ya wasichana, na Senad, ambaye alikuwa ameshastaafu ghalani, akawa anakuja kwa treni na kiti chake cha kukunja. Espe aliletwa akiwa na miaka kumi na mmoja. Wao ni Wakongo wa Bukavu, waliopitia kambini kama sisi. Mama yake alifanya kazi, na bado anafanya, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, treni mbili kutoka kwao. Unamsemesha Espe kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza, na mambo yanaenda. Siku ya kwanza ya vidole alipatia vinne kati ya kumi. Akiwa na miaka kumi na mitano hakuwa anakosa. Senad alimtazama jioni moja akasema, "Huyu haangalii. Huyu anajua." Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu hivyo, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kisha ikaja korona. Msimu ukasimama, halafu katikati ya baridi tukaruhusiwa kurudi na masharti yake: mzazi mmoja kwa mtoto, hakuna kupeana mikono, mipira inapanguswa dawa, majina yanaandikwa. Katika siku hizo hizo Espe akapata mwaliko wa majaribio ya timu ya jimbo, wasichana wa chini ya miaka kumi na sita. Jumapili moja, saa tatu asubuhi, basi. Mtu wa timu hiyo aliyemwona alikuwa amekuja kumtazama mchezaji mwingine kabisa. Mama Espe alinipigia simu akilia na kucheka. "Kocha, haki ya Mungu, nilidhani mpira ni wa kumchosha tu alale mapema!"

Jumapili moja kabla ya ile, Yonasi alifariki. Si korona, ni kiharusi. Nilikuwa nimeshasikia mkuu wa afya kwenye televisheni kila siku saa tano akisema tusikusanyike. Nilikuwa nimewahubiria wazazi mpaka wakanichoka. Jumatatu nikamwambia mke wangu nitasimama getini, nitoe pole, nirudi. Nikasimama getini kweli. Mjane wa Yonasi akaniona kutoka barazani.

"Zakaria," akaniita, "utasimama hapo kama askari? Yonasi angekufungia mlango?"

Niambieni ninyi mngefanya nini. Niliingia. Nikamshika mikono yote miwili, nikaketi, nikaletewa ugali na dagaa. Kwetu chakula cha matanga hakikataliwi. Ukikikataa, umeitukana nyumba. Nilivua barakoa nikala, na nyimbo zilipoanza nikaimba, maana kipa wangu alikuwa amekufa na mimi nilikuwa na uchungu. Nilikaa saa nzima au zaidi. Klabuni sikumwambia mtu. Nilijiambia hayo ni mambo ya nyumbani.

Alhamisi baada ya mazoezi ya timu, ambayo niliyaendesha nikiwa mbali na watoto kama inavyotakiwa, nilimbakiza Espe kwa ajili ya majaribio. Saa nzima ya vidole. Senad alipiga mipira kutoka hatua kumi, mimi nyuma ya Espe hatua moja, barakoa ikiwa mfukoni kwa sababu nilikuwa napayuka. "Three. One. Five. Two." Hakukosa hata kimoja. Mwisho nikaficha mikono yote miwili mgongoni, akageuka akaniangalia kwa dharau akasema, "None, Coach. Stop it." Tulicheka mpaka Senad akakohoa.

Ijumaa asubuhi mtoto wa Yonasi akanipigia. Mmoja wa waliokuwa wakipakua chakula matangani amekutwa na korona, nikapime. Nikapanga foleni kwa gari, nikachokonolewa pua. Jumamosi saa nne asubuhi ujumbe ukaingia kwamba ninayo. Sikuwa naumwa kitu. Ila tu chai ya asubuhi ile haikuwa na ladha, na nilikuwa nimeshamlaumu mke wangu kwa majani mabaya. Nikajifungia chumba cha nyuma.

Saa saba mchana nesi wa idara ya afya akanipigia. Alikuwa na sauti ya upole, hana haraka. Akaniuliza nimekuwa wapi tangu Jumatano. Nikamweleza mazoezi ya Alhamisi: nje, hewani, umbali umezingatiwa. Akasema vizuri, timu itatumiwa ujumbe wajiangalie dalili, wasiogope. Kisha akauliza, "Kuna mtu yeyote aliyekuwa karibu nawe, chini ya hatua mbili, kwa robo saa au zaidi, mbali na mkeo?"

Lilikuwa jina moja tu. Nilijua nikimtaja ni siku kumi na nne ndani, awe nayo asiwe nayo. Nilijua kesho yake saa tatu kuna nini. Nikasema, "Hakuna."

Akanishukuru, akanitakia afya njema, akakata.

Hilo ndilo nililolinyamazia. Nimeliandika, sasa niendelee kabla mkono haujasita.

Nilikaa kitandani. Nilijiambia Espe ni mzima, tulikuwa nje, upepo ulikuwepo. Nilijiambia mtoto huyu amevuka mipaka mingapi mpaka kufika kwenye uwanja ule, na nani mimi, kwa sahani ya dagaa, nimkatie njia. Nilijiambia mambo mengi mazuri. Kisha nikampigia Senad, na nitasema ukweli, nilimpigia ili aniambie nimefanya vyema. Nilimweleza yote.

Nikasikia redio kwao. Halafu akasema, "Kama unatafuta mtu wa kukwambia unyamaze, umekosea namba. Nilikuwa napiga mpira, Zakaria. Niliona ulivyosimama."

"Majaribio ni kesho, Senad. Hayarudi haya."

"Najua ni lini. Mama yake anafanya kazi wapi?"

Alikuwa anajua vizuri mama yake anafanya kazi wapi. Nilikuwa nimemfikiria Espe na uwanja, uwanja na Espe, wala wale wazee hawakunipitia kichwani hata mara moja. Zamu ya Jumamosi ya Mama Espe huanza saa nane. Nikatazama saa: ilikuwa imebaki robo saa na ushei. Nilikata simu ya Senad bila kuaga.

"Mama Espe, uko wapi?"

"Niko mlangoni kazini, Kocha, ndiyo navaa barakoa hivi. Kuna nini?"

"Usiingie. Nakuomba, usiingie."

Nikamwambia. Matanga, sahani, Alhamisi, vidole. Sikumwambia kuhusu nesi. Upande wa pili nilisikia mlango wa umeme ukifunguka na kujifunga, ukifunguka na kujifunga, kwa sababu alikuwa amesimama pale pale mbele yake.

"Na kesho?" akauliza.

"Hakuna kesho, dada yangu."

"Eh, Kocha," akasema. "Eh, Kocha jamani." Kisha akarudi stesheni.

Nikaipigia tena idara ya afya. Nesi alikuwa yule yule. Nikasema kuna jina nililisahau. Akauliza, "Ulilisahau?" Nikasema hapana, sikulisahau. Nikamsikia akiandika. Zilikuwa dakika arobaini tangu aniulize mara ya kwanza. Najua kwa sababu simu inaandika yote, nami nimekwisha kuiangalia mara nyingi mno.

Espe alipimwa, hakuwa nayo. Akapimwa tena mwishoni, hakuwa nayo. Mama yake hakuwa nayo, wazee hawakuwa nayo, hata mke wangu niliyelala naye nyumba moja hakuwa nayo. Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa chumba cha nyuma nikitazama saa. Niliwaandikia wenye majaribio wampe siku nyingine. Walinijibu kwa adabu kwamba orodha imefungwa. Mwaka uliofuata tukafungiwa tena, sisi wa magharibi mwa Sydney kuliko wengine, na msimu ukafutwa katikati. Tuliporudi uwanjani umri wa Espe ulikuwa umeshapita. Mwaliko mwingine haukuja. Ninyi mnaomwona leo akicheza timu yetu ya wanawake mnaniuliza kwa nini hakwenda juu zaidi. Ndiyo sababu.

Tulipotoka karantini Mama Espe alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Alilia, alinigombeza kuhusu matanga mpaka nikainama, kisha akasema mbele ya wazazi wenzake, "Lakini Kocha angeweza kunyamaza, nani angejua? Hakunyamaza hata dakika moja." Watu wakapiga makofi. Klabu ikanipa cheti cha uaminifu, chenye fremu. Nilimtazama Senad kwenye kiti chake. Akatazama pembeni, kwenye mpira uliokuwa ukiviringika peke yake. Hakulisema siku ile wala siku nyingine. Mwaka juzi moyo wake ulisimama, akaenda nalo. Cheti kiko nyuma ya kabati, uso ukutani.

Espe alirudi mazoezini wiki mbili baada ya siku zake za karantini kwisha. Alifanya kila nilichomwambia. Lakini ule utani uliisha. Nikificha mikono alisema "None" na kurudi kwenye mstari. Nilidhani ni ile sahani ya dagaa, na nilimwona ana haki. Ilikwenda hivyo miaka yote hii, salamu nzuri na baridi kali, hata alipokuwa mtu mzima na kuanza kunisaidia kufundisha wadogo siku za Jumanne.

Niliona si sawa msome ninyi kabla yake. Wiki iliyopita nilimwita nyumbani, nikampa karatasi hizi zikiwa zimefika pale juu, kwenye cheti. Anasoma Kiswahili taratibu, midomo ikitembea. Nilikwenda jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Niliporudi alikuwa amefika kwa nesi. Kidole chake kilikuwa juu ya neno arobaini.

"Forty minutes?" akauliza.

"Arobaini. Na Senad angeniacha, Espe, labda zingekuwa siku zote. Mama yako alikuwa mlangoni. Nilidanganya, na nikapigiwa makofi. Sina la kujitetea."

"Mama nitamwambia mimi," akasema. "Atakuja hapa. Ujiandae."

"Nitajiandaa."

Akasoma mpaka mwisho, akarudi tena pale pale. Nilisubiri anisomee hukumu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anayafuta kwa mkono wa sweta kama alipokuwa mdogo.

"Mimi nilidhani walikuuliza ukanitaja," akasema. "Hapo hapo. Kama mtu anasoma majina ya kwenye daftari. Nililala kitandani siku kumi na nne nawaza, hata hakusita. Hata kidogo." Akazikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Kumbe ulitaka niende."